DAFTARI LA HOTELI NA DAFTARI LA MJI

Haya ni maneno aliyoyasema ndugu yetu mmoja, karani wa mgodi, katika mkutano wa chama hapa Kisangani. Wafanyakazi waliokuwa zamu siku ile wametuomba tuyachape, nasi twayachapa kama alivyoyasema.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu wafanyakazi wa migodi mliofika kutoka njia ya Banalia na njia ya Bafwasende, na ninyi wenyeji wa mji:

Nimepewa kazi ya kusema habari za hoteli kubwa za mji huu. Najua wako waliocheka waliposikia. Wamesema, "Sisi tuna shida ya mshahara, ya maji na ya barabara, na huyu anakuja kutuhadithia vitanda vya Wazungu." Ngojeni kidogo, ndugu. Hoteli ni nyumba yenye vyumba vingi, basi. Lakini ina kitu kimoja ambacho nyumba yako haina wala yangu haina: ina daftari mlangoni. Kila anayelala humo huandikwa jina lake, kazi yake, mahali atokako, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Kazi yangu mimi ni daftari, kwa hiyo ndicho kitu nilichokitazama. Nataka kuwaonyesha ya kwamba historia ya mji wetu yaweza kusomwa kwa swali moja tu: nani aliandikwa, na nani hakuandikwa?

KWA NINI HOTELI ZILIJENGWA HAPA

Kwanza tujue kwa nini mji huu ulipata hoteli kubwa, hali uko katikati ya msitu, mbali na bahari zote mbili. Sababu ni mto. Masua iliyotoka Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilipanda mto kilomita zaidi ya 1,700 bila kukutana na kizuizi. Ikifika hapa, ilisimama. Mbele yake ni maporomoko, pale Wagenya wanapofunga miti yao mikubwa na kutega mitego ya samaki tangu kabla ya mgeni yeyote. Masua haiwezi kupita pale. Basi kila msafiri alishuka, na mizigo yake ikashushwa.

Stanley alipita maporomoko haya mwaka 1877, na Desemba 1883 akarudi kuweka kituo katika kisiwa cha Wana Rusari. Watu wa Unguja walikuwa wamekwisha kufika kwa njia ya mashariki, na mwaka 1887 mfalme Leopold wa Pili alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa mahali hapa. Lugha ninayosema sasa ilifika kwetu kwa njia hiyo, pamoja na bunduki na minyororo; tusisahau kimoja kwa kukumbuka kingine. Mwaka 1892 vita vikaanza kati ya Bula Matari na Waarabu, na baada ya miaka miwili Bula Matari akabaki peke yake.

Mwaka 1906 reli ilimalizika, kutoka ng'ambo ya kushoto ya mto mpaka Ponthierville, yaani Ubundu, kilomita 125, kuyazunguka maporomoko. Sasa tazameni hesabu. Anayetoka magharibi anashuka masua na kungoja treni. Anayetoka mashariki anashuka treni na kungoja masua. Wote wawili lazima walale. Baadaye zikaja ndege, nazo pia zilitua hapa. Ndiyo sababu Stanleyville ilikuwa na Hôtel des Chutes, maana yake Hoteli ya Maporomoko; ikawa na nyumba ya wageni ya kampuni ya ndege ya Sabena; ikawa na Victoria Résidence, jumba la ghorofa katikati ya mji. Mwaka 1951 hata watu wa sinema wa Marekani, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, walipita mji huu wakienda kupiga filamu yao katika mto Ruiki, upande wa Ubundu.

Basi fahari ile haikushuka kutoka mbinguni. Ilitokana na mto wetu kusimama mahali petu, na mizigo ya dunia kupita juu ya mabega ya watu wetu.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA NYUMA

Hoteli hizo zilikuwa na milango miwili. Mlango wa mbele ulikuwa na daftari. Mlango wa nyuma haukuwa na daftari. Kwa mlango wa nyuma aliingia mpishi, boyi wa vyumba, dobi, mchukuzi wa mizigo na mletaji wa kuni. Hao walijua kila chumba kuliko wageni, maana walikifagia kila siku. Lakini ukitafuta majina yao katika daftari la mbele hutayakuta. Usiku walirudi site, na Mwafrika aliyekutwa katika mji wa Wazungu saa za marufuku aliulizwa kibali chake. Yaani mtu aliyetandika vitanda mchana, usiku alihitaji karatasi ili apite mbele ya nyumba ile ile.

Serikali ya Ubelgiji iliona kwamba watu waliosoma wananung'unika, ikaleta karatasi nyingine. Mwaka 1948 ilikuwa karata ya sifa ya uraia. Mwaka 1952 ilikuwa cheti kikubwa zaidi, cha kuandikishwa, ambacho mwenyewe angehesabiwa kuwa karibu na Mzungu mbele ya sheria. Kabla ya kukipata, wakaguzi walikuja nyumbani kwako. Walitazama meza, vijiko, choo, na jinsi unavyokaa na mke wako. Karani mmoja wa posta wa mji huu alikiomba na kukipata mwaka 1954. Jina lake Patrice Lumumba.

Fikirini jambo hili. Mgeni wa hoteli aliandikwa mlangoni bila mtu kumwuliza kama anajua kushika uma. Mwenye nchi alikaguliwa mpaka jikoni kabla ya kuandikwa. Lumumba alikipata cheti, kisha akaona kwamba hakina kitu ndani. Mwaka 1958 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha MNC, akaacha kuomba ruhusa ya kuingia mlangoni, akadai nyumba yenyewe. (Makofi.)

Oktoba 1959 alifanya mkutano mkubwa wa chama katika mji huu. Tarehe 30 Oktoba askari na watu walipambana, wakafa makumi ya wenzetu. Lumumba akakamatwa, na miezi michache baadaye akatolewa gerezani aende Bruxelles katika mkutano wa Meza ya Mviringo. Habari zake zimeandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Lakini wale makumi waliokufa kwa ajili ya mkutano wake, nani kati yetu hapa anaweza kusimama na kuwataja kwa majina, kumi tu? Naona kimya. Kimya hicho ndicho kilichonileta mbele yenu.

SIKU YA VICTORIA

Sasa nakuja kwenye mwaka 1964, ambao jina la Victoria lilijulikana kila nchi.

Mwanzo wa Agosti 1964 Simba waliingia Stanleyville. Septemba wakatangaza Jamhuri ya Watu, na Christophe Gbenye akiwa mkubwa wake. Vita vilipowageukia, waliwashika wageni, hasa Wabelgiji na Waamerika, na katika majuma ya mwisho wakawaweka wengi wao katika Victoria Résidence. Hoteli ikawa gereza. Asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964 ndege za Marekani zilizopitia kisiwa cha Ascension ziliwaangusha askari wa miavuli wa Ubelgiji katika uwanja wa Simi-Simi. Mlio wa ndege uliposikika, mateka kama 250 walitolewa hotelini, wakapelekwa barabarani, wakaketishwa chini. Hapo risasi zikapigwa, dakika chache kabla askari hawajafika. Walikufa wanaume, wanawake na watoto wadogo. Daktari wa misheni, Paul Carlson, Mwamerika, aliuawa asubuhi ile.

Simtaki mtu yeyote hapa achukue jambo hilo kwa wepesi. Mtoto aliyeuawa barabarani ni mtoto, hata kama baba yake alikula katika meza tuliyokatazwa. Anayefurahia kifo chake hajui uhuru ni nini.

Lakini tuulize swali letu. Wageni wale waliandikwa. Majina yao yalikuwa katika ofisi za balozi, katika vitabu vya misheni, katika daftari za makampuni. Serikali mbili zilijua idadi yao, zikatuma ndege. Katika siku chache watu karibu 2,000, wengi wao wageni, walichukuliwa salama kutoka mjini hapa na kutoka Paulis, ambayo leo ni Isiro. Kabla ya mwezi kwisha, askari wa miavuli walikuwa wamekwisha kuondoka.

Na Wakongo? Kabla ya siku ile, mbele ya mnara wa Lumumba, Simba waliwaua wenyeji wengi. Waliwatafuta wakubwa wa serikali, makarani, walimu, watu waliojua kusoma. Wakaua kwa jina la mtu ambaye mwenyewe alikuwa karani. Na baada ya siku ile, jeshi la serikali lilipoingia pamoja na mamluki, wakauawa wengine wengi, kwa kudhaniwa tu kuwa ni Simba. Mtu angeweza kuwa salama asubuhi kwa sababu iliyomwua jioni. Hakuna ndege iliyotumwa kwa ajili yao, maana hakukuwa na ofisi iliyoshika orodha yao. Kwa wageni twajua jina, umri, kazi na hata chumba walicholala. Kwa wenyeji twasikia neno moja: "maelfu".

Ndugu, neno "maelfu" si hesabu. Mimi nikimpelekea mkubwa wangu karatasi ya mshahara iliyoandikwa "wafanyakazi wengi sana", atanifukuza siku hiyo hiyo, na atakuwa na haki.

HASARA YA KUTOANDIKA

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na watu vivyo hivyo.

Mtu anaweza kusema, hayo ni ya zamani, mji umebadilika. Kweli umebadilika. Mwaka 1966 ulipewa jina la Kisangani kwa serikali yote. Mwaka huo na mwaka 1967 ukaonja maasi ya askari na mamluki. Mwaka 1973 Mobutu alitoa amri, maduka na mali za wafanyabiashara wa kigeni zikagawanywa, nyingi zikaangukia mikono ya watu wake, rafu zikabaki tupu. Lakini jambo la daftari limebaki lile lile, na sasa lina bei.

Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa siku sita. Hawakuwa na ugomvi na sisi. Waligombana wao kwa wao, juu ya vichwa vyetu. Watu wa Umoja wa Mataifa walikuja kuhesabu: makombora zaidi ya 6,600, wenyeji zaidi ya 760 waliokufa, kama 1,700 waliojeruhiwa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Safari hii angalau namba iliandikwa. Na tazameni namba inavyofanya kazi. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamua kwamba Uganda ina hatia. Tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325 kwa mambo yote iliyoyafanya katika nchi yetu, kwa mafungu matano ya mwaka, kila fungu milioni 65. Kwa Rwanda, Mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuisikia kesi, maana Rwanda haikukubali mamlaka yake. Risasi zilitoka pande mbili. Hati ya deni imetoka upande mmoja.

Serikali yetu imeweka mfuko wa kuwagawia wahanga fidia hiyo, uitwao FRIVAO, na makao yake yamewekwa hapa hapa Kisangani. Mhanga akifika dirishani anaulizwa nini? Anaulizwa yale yale ya mlango wa hoteli: jina lako nani, ulikaa wapi, ilikuwa siku gani, una karatasi gani? Mama aliyemzika mwanawe nyuma ya nyumba makombora yakianguka, atatoa wapi karatasi? Na palipo na orodha mbovu, mwenye njaa ya fedha huingiza majina ya watu wasiokuwako. Sisi watu wa migodi twalijua jambo hilo. Twajua maana ya jina linalopokea mshahara bila kuwa na miguu. (Vicheko.) Jina la uongo likiingia, jina la kweli linasukumwa nje.

KUHUSU KUZIFUFUA HOTELI

Wako wanaosema: tuzitengeneze hoteli za zamani, tuzirudishie fahari yake, watalii waje, kazi zipatikane. Mimi sipingi kazi. Ila tutazame kwanza pale alikotoka Tippu Tip. Huko Unguja, mtaa wa Shangani, si mbali na nyumba ya Tippu Tip mwenyewe, liko jumba liitwalo Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri Mwarabu. Misheni ya Waanglikana ilikaa humo, kisha Waingereza, kisha ofisi za serikali. Mwaka 2015 lilifunguliwa kuwa hoteli ya fahari ya kampuni ya Marekani, pamoja na jengo jipya ubavuni mwake. Jengo hilo jipya lilizusha maneno mengi, na hata kamati ya UNESCO inayolinda urithi wa dunia ilionyesha wasiwasi wake.

Jumba la zamani linaweza kuokolewa na hoteli, maana mwenye kulala ndiye anayelipia paa. Lakini huokolewa pamoja na hadithi anayoitaka mwenye kulala. Mgeni apenda kusikia habari za masultani, za Stanley, za nyota wa sinema. Hapendi kusikia habari za mlango wa nyuma. Kama sisi hatutaandika habari hiyo, hakuna mwenye hoteli atakayeiandika kwa niaba yetu.

TUFANYE NINI

Sikuja kulia hapa. Nimekuja na mambo matatu, nayo hayahitaji fedha za serikali wala za ng'ambo.

La kwanza. Kila avenyu, katika komini zote sita, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, ichague kijana mmoja anayeandika vizuri, na wazee wawili, mmoja wao awe mwanamke. Wanunue daftari moja la shule. Waandike waliokufa mwaka 1959, waliokufa mwaka 1964 na waliokufa mwaka 2000: jina, umri, kazi, mahali, siku kama yajulikana, na majina ya mashahidi wawili walio hai. Pasipo mashahidi wawili, liandikwe ukurasa wa mbali, lingoje. Hivyo ndivyo tutakavyowazuia wenye majina yasiyo na miguu.

La pili. Kila daftari linakiliwe mara tatu: moja libaki kwa wazee wa avenyu, moja likae parokiani au msikitini, moja komini. Karatasi moja huungua. Tatu haziungui siku moja.

La tatu. Siku jumba lolote la zamani la mji huu litakapofunguliwa tena kuwa hoteli ya fahari, tudai ukuta mmoja karibu na mlango wa mbele. Yaandikwe majina ya wageni waliouawa tarehe 24 Novemba 1964, na kando yake majina ya wenyeji waliouawa mwaka ule ule, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Najua swali linalokuja. Mzee mmoja ameniuliza kabla ya mkutano: "Mwanangu, tukiandika wa 1964, tutaandika waliouawa na Simba, au waliouawa kama Simba? Watoto wao wanakaa avenyu moja. Hutaamsha ugomvi?" Ni swali la mtu mwenye akili, nami namjibu kwa heshima. Baba, daftari la hoteli halimwulizi mgeni chama chake. Linauliza: ulikuwako? Na letu lisiulize zaidi ya hapo. Tuwaandike wote kwa kufuata herufi za majina yao, hata kama muuaji na aliyeuawa watakutana katika ukurasa mmoja. Ugomvi hulelewa na uvumi, kwa kuwa kila nyumba huhesabu wafu wake peke yake na kudhani jirani hana wafu.

Na tufanye haraka. Mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1964 amekwisha kupita sabini. Kila juma twazika daftari moja ambalo halikuandikwa.

Ndugu wafanyakazi, babu zetu walibeba mizigo ya kila mgeni aliyelala katika mji huu, wala majina yao hayakuandikwa. Bula Matari hakuona sababu ya kuyaandika. Lakini tangu tarehe 30 Juni 1960 kalamu iko mikononi mwetu. Yasipoandikwa leo, hatuna tena mtu mwingine wa kumlaumu.

Daftari za kwanza ishirini tumekwisha kuzinunua kwa michango ya wafanyakazi. Ziko mezani pale, kwa mwandishi wa tawi. Wajumbe wa avenyu wasitoke bila kuchukua.

Uhuru na kazi! (Makofi.)